Mlezi Si Mzazi: Mjadala wa Dini na Maadili Barazani

Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani iliwauliza watu wa nchi 34 swali jepesi kuuliza na zito kujibu: je, ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema? Kenya, asilimia 95 walijibu kuwa ni lazima. Sweden, waliosema hivyo walikuwa asilimia 9. Mwaka huohuo sensa ya Kenya iliwahesabu watu 755,750 waliojitaja kuwa hawana dini. Ziweke hesabu hizo pamoja, utaona jambo: karibu Wakenya wote wanaamini kwamba wenzao zaidi ya laki saba wamepungukiwa na tabia njema, na wanaamini hivyo kabla ya kula nao, kuwakopesha au kuwapangisha chumba. Dhana hiyo haikai kichwani tu. Februari 2016 msajili wa vyama alikiandikisha chama cha Wakenya wasioamini Mungu. Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa baada ya malalamiko ya watu wa dini, kwa hoja ya amani na utulivu wa nchi, na shauri likaishia mahakamani. Kilichohofiwa hakikuwa tendo walilotenda, bali kutoamini kwenyewe.

Swali hili lina pahali pake Mombasa. Atembeaye kutoka Ngomeni hadi Marikiti kwa kupitia Ndia Kuu na Langoni hupita misikiti ya tangu karne nyingi, kama vile Mandhry, na hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe. Akiendelea mbele kidogo kisiwani atakuta makanisa makuu ya Wakatoliki na Waanglikana. Kwa hiyo na tuufanye mjadala wetu barazani, kwenye lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ambapo mambo ya mji yamekuwa yakisemwa tangu jadi. Muuza kahawa amelitua dele lake la shaba, makaa yanawaka chini yake, na vikombe vyake vidogo visivyo na mkono vinasuuzwa ndani ya ndoo. Hamhesabii mtu, mwisho wa mazungumzo kila mmoja hutaja mwenyewe vikombe alivyokunywa. Wameketi wawili: Maalim wa chuo cha Kurani na Wakili kijana. Wa tatu ni Bi Mkubwa mwenye nyumba, aliye dirishani juu, kwa kuwa baraza la nje ni la wanaume kwa desturi. Lakini hakuna lisemwalo chini lisilomfikia. Watatu hawa nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni, nazo husikika pwani nzima.

"Wakili, mwanangu," aanza Maalim, "wazee walisema mcha Mungu si mtovu. Hawakusema hivyo ili kutupendelea sisi wenye vilemba. Walijua kwamba mtu akiwa peke yake, mlango umefungwa na mizani iko mkononi mwake, hana kimzuiacho kutia kidole ila kujua kwamba yuko amwonaye. Niondolee huyo amwonaye, kisha uniambie kitakachomzuia ni nini. Polisi? Polisi hulala. Aibu? Aibu ni ya mbele za watu. Tena niambie: ukisema dhuluma ni mbaya, ni mbaya kwa amri ya nani? Ikiwa ni kwa amri yako, na mimi ninayo yangu. Ikiwa ni kwa amri ya wengi, wengi wamewahi kuafikiana juu ya maovu makubwa. Sheria isiyo na mwenyewe ni maandishi ya mchangani. Maji yakijaa, yamekwenda."

Wakili hambezi. "Maalim, nimekusikia. Lakini tazama Katiba ya 2010 ilivyofanya. Inafungua kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, halafu kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Ukifika sura ya sita, ile ya uongozi na uadilifu, haimwulizi kiongozi anaswali wapi. Inamwuliza kama ana akaunti ya benki nje ya nchi, kama maslahi yake yanagongana na ya ofisi, kama anafanya kazi nyingine ya mshahara. Waandishi wake walimtukuza Mungu bila ya kuifanya imani kuwa cheti cha uraia mwema. Nami nasema walifanya busara, maana tumewaona wanaomtaja Mungu asubuhi na kuuza ardhi ya umma jioni."

Mjadala wa namna hii hukwama mara nyingi kwa sababu maswali matatu hufungwa kwa kamba moja. Swali la kwanza ni la chimbuko: wema na ubaya vilitoka wapi? La pili ni la kipimo: tunajuaje kwamba tendo hili ni jema na lile ni ovu? La tatu ni la nguvu: ni nini kimfanyacho mtu atende analolijua, hasa linapomgharimu na hakuna amwonaye? Maalim ameyajibu yote matatu kwa neno moja, dini. Wakili naye ametaka kuyaondoa yote kwa mfano wa mnafiki. Lakini mnafiki si hoja dhidi ya dini, kama vile daktari mvutaji sigara asivyokuwa hoja dhidi ya tiba. Inatubidi tuifungue kamba, tulitazame kila swali peke yake. Nami nasema mapema ninakokwenda: mwenye kuamini ana haki ya kusema kwamba wema umetoka kwa Mungu, lakini hana haki ya kusema kwamba asiyeamini hana wema. Hayo ni madai mawili tofauti, na la pili linakanushwa hata na vitabu vya wale wanaolishikilia.

Tuanze na chimbuko. Bi Mkubwa ndiye anayelishika kwanza, kutoka dirishani. "Wanangu, mtoto akimnyang'anya mwenziwe mkate hatumwambii umekufuru. Twamwambia, huna utu wewe? Hata kuswali hajaanza, utu tumekwisha kumdai." Neno lake lina uzito zaidi kuliko linavyosikika. Msamiati wa maadili katika Kiswahili una matabaka mawili. Tabaka moja limekuja na Uislamu na elimu yake: haki, dhuluma, amana, adabu, haya, dhambi, thawabu, halali, haramu. Chini yake liko tabaka la Kibantu: wema, ubaya, kweli, uongo, wizi, mwiko, na lile ambalo limebeba mengine yote, utu. Neno hili ni ndugu wa ubuntu wa kusini mwa Afrika, na watu walikuwa wakiutumia mzizi wake kabla ya msikiti wa kwanza kujengwa mwambao huu. Wala wasomi wa Mombasa hawakulitupa walipokuwa Waislamu. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa mji huu, alitunga utenzi mzima juu ya swali la utu ni nini. Ulichapwa mwaka 1979 kwa jina la Utenzi wa Mtu ni Utu, na msomi Mjerumani Kai Kresse akaufanya kuwa nguzo mojawapo ya kitabu chake cha 2007 kuhusu fikra za Mombasa. Mshairi huyo alikuwa Mwislamu wa kuswali, na hakuona kwamba kuanzia kwenye utu ni kuitia dini kasoro.

Maalim anacheka kidogo. "Bi Mkubwa umesema kweli, lakini umesahau neno moja. Hata Mungu si neno la Kiarabu. Ni la Kibantu vilevile, na Wamijikenda wanamwita Mulungu. Hao waliosema utu walikuwa na Mungu wao, na makaya yao, na viapo vyao. Maneno ya kale yanaonyesha kwamba maadili yalitangulia Kurani katika pwani hii. Hayaonyeshi kwamba yaliitangulia imani." Jibu hili ni sahihi, na yeyote anayetaka kuthibitisha kwa historia ya maneno kwamba maadili yalikuwako pasipo dini atashindwa. Hakuna jamii ya kale tunayoweza kuichungulia ikiwa na utu bila ya Mungu au mizimu. Tunachokipata hapa ni kidogo, lakini ni cha hakika: maadili hayakungoja ufunuo wa kitabu chochote, na watu walioabudu kwa njia mbalimbali waliwahi kuaminiana kwa kiwango kikubwa. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 forodha ya Zanzibar na ya bandari za mwambao ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kibhatia aliyetoka Kutch, na masultani waliomkodisha walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi. Mwislamu alimkabidhi hazina yake mtu ambaye kwa itikadi yake alikuwa mshirikina. Alitazama daftari lake, ahadi zake na jina lake sokoni.

Maalim atasema kwamba Mhindu huyo naye alikuwa na miungu yake ya kuiogopa. Basi turudi Langoni, kwenye hekalu lile la marumaru. Dini ya Kijaini haifundishi kuwako kwa Mungu aliyeumba ulimwengu na atakayewahukumu wanadamu. Hata hivyo sharti lake la kutodhuru ni kali kuliko la dini nyingi za Mungu mmoja: Mjaini hali nyama, na watawa wake hufagia njia mbele yao wasije wakamkanyaga mdudu. Aulizwaye na Pew kama ni lazima kumwamini Mungu ili kuwa mwema, na akajibu ni lazima, amewaambia majirani zake hawa kwamba hawana maadili, nao ndio wanaochelea kuua chungu. Lililobaki kwa Maalim ni kusema kwamba dini ya aina yoyote, ilimradi iwe na malipo baada ya kufa, inatosha. Lakini akishafika hapo ameondoka pale alipoanzia. Hazungumzi tena juu ya mwenye sheria. Anazungumza juu ya malezi na hofu ya matokeo, yaani swali la nguvu, nalo tutalifikia.

Swali la kipimo ndilo kiini cha mambo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kulianza kufukuliwa miili ya watu ambao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, walihimizwa na mhubiri wao kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Kesi zake zimekuwa zikisikilizwa Mombasa. Habari hizo zilipoenea, masheikh, maaskofu, makadhi na wasio na dini walisema kwa kauli moja kwamba huo ni uovu. "Yule amepotosha dini," asema Maalim. "Sawa," ajibu Wakili, "lakini Maalim, ulijuaje kwamba amepotosha? Hukukimbilia kwanza Injili ukahakikishe aya zake. Ulisikia mtoto amenyimwa maji, ukajua." Hapo ndipo hoja ilipo. Mtu anapolipima fundisho la dini na kuliita potovu, anacho mkononi kipimo ambacho hakukipata kutoka kwa fundisho hilo. Lau tendo lingekuwa jema kwa sababu tu limeitwa amri ya Mungu, tusingekuwa na namna ya kumtofautisha mhubiri wa kweli na mwuaji mwenye Biblia mkononi. Historia yenyewe ya Mombasa ni shahidi. Mwaka 1505 Wareno walikuja na msalaba wakauchoma mji huu. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na watawa akabatizwa jina la Jerónimo, aliuacha Ukristo, akamwua kapteni wa Ngome na kuwaua Wakristo waliokataa kusilimu, Wareno na Waafrika. Dini ilibadilika mara mbili ndani ya mtu mmoja. Tunayalaani mauaji ya pande zote mbili bila ya kuuliza kwanza msalaba ulikuwa kwa nani na hilali kwa nani.

Wala asidhani mtu kwamba hoja hii ni ya Wazungu wanaoikimbia dini. Wanazuoni wa Kiislamu waliigombania Basra na Baghdad zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wamuutazila walisema akili ya mwanadamu inautambua uzuri na ubaya wa tendo hata kabla ya wahyi kumfikia. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alisema la: zuri ni lile lililoamrishwa na sheria na baya ni lile lililokatazwa nayo. Wafuasi wa mwanazuoni al-Maturidi wakashika njia ya kati. Pwani yetu kwa jumla imefuata itikadi ya al-Ash'ari, ndiyo maana Maalim husema alivyosema. Lakini swali lilikuwa wazi ndani ya nyumba ya Uislamu yenyewe. Kwa upande wa ushahidi wa siku hizi, Larry Nucci na Elliot Turiel walichapisha Marekani, mwaka 1993, utafiti wao juu ya watoto waliolelewa katika dini kali, Wakristo wa Kiamish na Kimenoni na Wayahudi. Waliwauliza: lau Mungu asingekataza kazi siku ya ibada, ingekuwa kosa? Wengi wakasema isingekuwa. Je, lau Mungu angeamuru kuiba, ingekuwa halali? Wengi wakasema kuiba kungebaki kuwa kubaya. Watoto wa watu wa dini walikwisha kuzitenga amri za ibada na makosa ya kumdhuru mwenzako.

Maalim anaweka kikombe chini. "Hao watoto wamesema kweli, na ukweli wao ni wangu. Mungu hawezi kuamuru wizi kwa sababu Yeye ni Mwema, na mtoto anaujua wema huo kwa sababu ya fitra, umbile alilomuumbia Mola wake. Sura ya Ash-Shams inasema nafsi imefahamishwa uovu wake na ucha Mungu wake. Kwa hiyo hicho unachokiita kipimo cha nje si cha nje. Ni Mungu yuleyule." Hili ndilo jibu bora kabisa la upande wake, na linastahili kupokewa kwa heshima. Lakini tulifuate mpaka linakofika. Fitra haikuwekwa ndani ya Waislamu peke yao. Imewekwa ndani ya kila aliyezaliwa. Mtume Paulo naye, katika waraka wake kwa Warumi, sura ya pili, asema kwamba watu wasio na Torati hutenda kwa asili yaliyomo katika Torati, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao. Ikiwa ndivyo, basi asiyeamini naye anayo fitra, naye ameandikiwa moyoni. Atendapo wema haigizi wala haazimi, anatumia alichopewa. Anayelikana jua haachi kuliota. Maana yake ni kwamba ile asilimia 95, walipojibu kuwa ni lazima mtu aamini ndipo awe mwema, hawakuitetea dini yao. Waliipinga. Walisema kwamba kazi ya Mungu ndani ya mwanadamu haifanyi kazi mpaka mwanadamu aitie sahihi.

Hapo Wakili anataka kushangilia, lakini Bi Mkubwa anamzuia. "Usifurahi haraka, mwanangu. Na huo utu wetu nao una hesabu ya kutoa." Ana haki. Pwani hii ina methali isemayo ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Twaipenda kwa nusu yake ya pili na kuimeza nusu ya kwanza bila ya kuitafuna. Mja hapo ni mtumwa, na methali inamwambia kwamba yake ni maneno matupu, vitendo vyema ni vya mtu huru. Lugha ya uungwana ilijengwa mlangoni mwa utumwa. Barazani wazee walizungumza utu huku kahawa ikiletwa na mtu aliyenunuliwa. Na dini? Uislamu ulisifu kumwacha mtumwa huru, na Ukristo uliusoma waraka kwa Filemoni karne baada ya karne, lakini makadhi na maaskofu wengi hawakuona kwa muda mrefu kwamba kitendo chenyewe ni haramu. Sultani Barghash aliyakubali mapatano ya kuifunga biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, chini ya shinikizo la Uingereza. Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ilianzishwa na wamisionari ng'ambo ya kisiwa mwaka 1875. Na hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Nani aliyewafungua macho? Maalim na padri watasema ni watu wa dini, na ni kweli kwamba wengi wa waliopigana na utumwa walisukumwa na imani. Lakini waliowapinga nao walishika vitabu vilevile, na Waingereza waliokuja na mapatano ya kukomesha biashara walikuwa na maslahi yao ya kutawala. Waliotangulia wote hao walikuwa watoro. Walizikimbia nyumba na mashamba, wakajenga makazi yao bara, na miguu yao ikatoa hukumu ambayo mahakama haikuwa tayari kuitoa. Funzo la utumwa linamkata Wakili na Maalim kwa pamoja. Utu bila ya dini unaweza kujifungia ndani ya ukoo na rangi. Dini bila ya utu inaweza kusoma aya ya rehema na mkono umeshika mnyororo. Kilichovisahihisha vyote viwili ni sauti ya aliyeumizwa, ilipopata mtu wa kuisikia. Kama kuna kitu ambacho maadili yanakitegemea kweli, basi ni sikio hilo. Imani huweza kulifungua, na huweza kuliziba.

Limebaki swali la nguvu, na hapa Maalim ana mengi ya kujidai. Mtu aliye peke yake nyumbani mchana wa Ramadhani, kiu imemshika na maji yamo mtungini, hanywi. Hakuna serikali yenye uwezo wa kumfanya mtu hivyo. Dini humpa kalenda, jamaa, toba baada ya kuanguka, na hadithi za waliostahimili. Falsafa haina hata kimoja cha kulinganisha na hivyo. Lakini kuwa na nguvu si kuwa na nguvu peke yako. Katika orodha ya Transparency International ya mwaka 2023 kuhusu rushwa serikalini, Denmark ilipata alama 90 katika 100, na Kenya 31. Wadenmark wengi huingia kanisani kwa ubatizo, harusi na mazishi tu. Takwimu hii haithibitishi kwamba kutoamini kunaleta uadilifu. Utajiri, mahakama na historia ya dola vina mkono wao. Inathibitisha kwamba watu wasiofikiria Siku ya Hukumu kila siku wanaweza kuzilinda fedha za umma, na kwamba kuifikiria si kinga.

"Hiyo ni harufu ya udi," asema Maalim. "Wazee wao walifukiza karne na karne. Chetezo kimezimika, lakini nyumba bado yanukia. Ngoja kesho." Huenda. Maadili ya Ulaya yana deni kubwa kwa kanisa, na hakuna ajuaye vizazi vyao vijavyo vitakuwaje. Lakini hoja ya harufu inamruhusu mtu asishindwe kamwe: wema wa asiyeamini ukionekana, tunasema ni mabaki, uovu wake ukionekana, tunasema ndiyo tabia yake. Kipimo kinachokubali kila jawabu hakijapima kitu. Tena Bi Mkubwa ana lake, na analisema taratibu: "Maalim, kwetu chetezo kinawaka usiku na mchana. Mbona nyumba hainukii?" Hakuna anayemjibu. Lakini swali lake si geni: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa hapahapa Mombasa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwakemea Waislamu wenzake kwa uzembe, israfu na kupuuza elimu, na kuwahimiza wachukue yaliyo mazuri hata kwa wasio wa dini yao. Asingefanya hivyo kama angeamini kwamba itikadi sahihi inatosha, au kwamba asiye nayo hana la kufundisha.

Sheria ya nchi imekwisha kulielewa jambo hili, kimyakimya. Nyongeza ya tatu ya Katiba inampa anayeshika madaraka hiari ya kuapa au kutoa tamko la dhati, na yale maneno ya kumwomba Mungu msaada yamewekwa ndani ya mabano, kwa mwenye kuapa. Mahakamani shahidi asiye na dini hutoa tamko bila ya kugusa msahafu wala Biblia, na akisema uongo adhabu yake ni ileile ya aliyekula yamini. Hakimu hakuambiwa awapime kwa kilichomo mabanoni. Hilo halimnyang'anyi muumini chochote: mabano yapo, na ndani yake mna yote anayoyaamini. Linamnyima kitu kimoja tu, nacho hakikuwa chake: ruhusa ya kumhesabu mwenzake kuwa mwongo kabla hajafungua kinywa.

Ndipo ninaposema dini ni mlezi wa maadili, si mzazi. Mlezi si mtu mdogo kwetu. Huenda akampa mtoto zaidi ya alichopewa na mzazi, na asiyejua thamani ya mlezi hakulelewa. Lakini mlezi mwema hadai kwamba mtoto wa nyumba ya pili hakuzaliwa. Maalim akisema mzazi ni Mungu, sina ugomvi naye, maana Mungu na imani ya mtu kumhusu si kitu kimoja, na kwa kauli ya Maalim mwenyewe Mungu alikwisha kutoa kabla ya kuaminiwa. Ugomvi wangu ni na mwenye nyumba anayemnyima mpangaji chumba, na mwajiri anayemnyima mtu kazi, kwa sababu hana dini ya kuandika kwenye fomu.

Adhana ya magharibi inakaribia. Muuza kahawa analiinua dele lake na kuuliza vingapi. Maalim asema vinne, Wakili asema vitatu. Mmoja ametaja hesabu yake akijua kuna malaika aandikaye. Mwingine ametaja yake akijua kwamba mtu huyu ana watoto wa kulisha. Muuza kahawa anapokea sarafu za wote wawili, anazitia mfukoni mmoja, anashika njia ya Ndia Kuu huku akigonganisha vikombe.